Umande wa Saa Mbili

Kila jioni, taa ya barazani ikishawashwa, mama yangu huuliza swali lile lile: "Inawaka vipi?"

Mama haoni. Ni miaka mingi sasa haoni hata mkono ukipita mbele ya uso wake, na bado yeye ndiye anayeishughulikia taa kuliko sisi wenye macho. Nilikuwa namjibu kwa mkato. "Taa ni taa, mama. Inawaka." Siku umeme ukiwa umekatika mchana kutwa na kurudi mimi nikiwa nimeshachoka, nilimjibu vibaya zaidi: "Kwani ulitaka iwakeje?" Naye huvuta kitenge chake mabegani na kuomba maji ya kunawa.

Ugonjwa uliomchukua macho unaitwa presha ya macho. Kwake haukuuma, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Alianza kwa kuona pete kwenye taa. Tulikuwa bado kijijini kwetu Ugalla, tunatumia taa ya chemli, na mama akawa anasema taa imezungukwa na pete. Baba akasafisha kioo. Akabadilisha utambi. Akanunua taa nyingine kabisa. Tulipokuja kujua kwamba taa haikuwa na kosa, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili liko njiani. Daktari akatuambia mimi na mdogo wangu kwamba ugonjwa huo hupenda kufuata damu, kwa hiyo tuwe tunapima macho. Tukaitikia kwa heshima zote, tukarudi nyumbani, na hakuna aliyepima.

Sasa niingize darubini, maana bila hiyo nisingekuwa na cha kusimulia.

Niliipata Sitalike. Nilipika miaka mingi kwenye kambi ya watalii pembeni ya hifadhi, na msimu wangu wa mwisho akaja mzee mmoja wa Kizungu ambaye hakujali simba wala viboko. Mchana alilala. Jioni alitoa darubini yake sandukuni, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akatazama juu mpaka shingo ikamgoma. Mimi nilimpelekea chai ya tangawizi, na kwa kuwa nilisimama kusubiri kikombe, akanikaribisha nitazame. Niliuona mwezi umejaa mashimo na madoa kama chapati iliyoiva vizuri. Siku yake ya kuondoka, rubani wa ile ndege ndogo alipima mizigo, akatikisa kichwa. Mzee akaangalia sanduku la nguo, akaangalia sanduku la darubini, akanikabidhi la darubini. Wenzangu wa jikoni walicheka hadi wakakaa chini. Wao waliachiwa viatu na tochi, mimi nimeachiwa bomba la kuchungulia mbinguni.

Nilipoacha kazi ili nimtunze mama, nilikuja nalo hadi Mpanda. Tunakaa mtaa wa Kawajense, nyumba yenye baraza mbele na ua wa kutosha nyuma. Mume wangu ni fundi ujenzi, mtu wa pima maji na kamba, na kitu kikipinda hapati usingizi. Siku ya kwanza tu aliponiona nahangaika kuisimamisha ile miguu mitatu alininyang'anya, na tangu hapo akajiteua kuwa msimamizi wa mbingu zote za Kawajense.

Watu wa mbali hudhani msimu wa mvua hakuna nyota. Kwetu mvua hunyesha alasiri kwa hasira, ikakata, na magharibi ikifika anga imeoshwa. Nyota hutoka nyingi, na karibu, kuliko wakati wa kiangazi ambapo moshi wa mashamba umetanda. Jioni kama hizo mume wangu alitoa darubini uani, na jirani yetu alikuja bila kuitwa. Ni mzee wa Kisukuma, mfugaji aliyewaachia wanawe ng'ombe na kuhamia mjini kwa sababu ya magoti. Alikuwa anaingia na fimbo yake, anakaa kwenye stuli, anasema, "Haya, nyie, nionyesheni leo Mungu ameweka nini."

Na sasa sikilizeni utaratibu, kwa sababu ndio ulioniponza. Kwetu haujadiliwi: mgeni na mkubwa wa umri kwanza, kisha mwenye nyumba, kisha yeyote aliyepo, na wa mwisho kabisa ni yule aliyekuwa jikoni. Darubini ni yangu, nimepewa mkononi mwangu, lakini saa moja na nusu usiku mimi nina mwiko na sufuria ya ugali. Nilikuwa nawasikia kupitia dirisha la jiko wakisema "Aaah!" na "Angalia ile, angalia ile!" na mimi nasonga. Sikuwahi kulalamika. Mtu akilelewa kula mwisho, huona kutazama mwisho nako ni kawaida. Nilitoka saa mbili na zaidi, chakula kikiwa kimeshafunikwa, mikono inanuka dagaa.

Jioni moja mume wangu alikuwa ameielekeza kwenye Kilimia, lile kundi la nyota ambalo mama alitufundisha kulitafuta tukiwa watoto, msimu wa kupanda ukikaribia. Jirani ameangalia, amesifu. Mume wangu ameangalia, amesifu. Nikainama mimi.

Kila nyota ilikuwa na pete ya ukungu.

Niliondoa jicho, nikapepesa, nikarudisha. Pete. Nikaweka jicho la kushoto. Pete. Nikaiona ile taa ya chemli ya Ugalla, na baba akiifuta kioo kwa pindo la shati.

"Zinaonekanaje?" mume wangu akauliza.

"Vizuri," nikasema, nikaingia ndani kupakua.

Nilibeba jambo hilo peke yangu kwa wiki nyingi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nimeshawatolea watu wengi sana. Hospitali haiko mbali, bodaboda anakufikisha kabla hujamaliza kubishana naye nauli. Lakini niliona kwamba kama sijaambiwa, bado naona. Jikoni nilifunika jicho moja kwa kiganja na kuitazama balbu, kisha nikafunika la pili. Sufuria ikitoa mvuke balbu ilikuwa na pete, mvuke ukiisha haina, na mimi niliamini ile ya mvuke. Kila anga ilipotakata nilikwenda kwenye darubini, wa mwisho kama kawaida, na kila mara ukungu ulikuwepo. Wenzangu wote waliona safi. Ningefikiri nini kingine?

Nikawa mkali. Nilimfokea mume wangu kwa sababu ya viatu mlangoni, nikamfokea muuza mkaa kwa sababu ya mkaa wenye chenga. Na mchana, mume akiwa kazini, nilianza kujifunza nyumba. Nilifumba macho na kutembea kutoka jikoni hadi sebuleni nikihesabu milango kwa vidole. Nilifumba macho nikatafuta kikapu cha vitunguu, ndoo, kopo la chumvi. Siku moja mkono wangu uliligonga kopo hilo rafuni, likayumba.

"Unatafuta nini?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka wake.

"Chumvi."

"Chumvi haijahama," akasema mama.

Kilichonifungulia mlango ni kuchelewa kwa jirani. Jioni hiyo alikuwa na wageni wake kutoka kwa wanawe wenye ng'ombe, akaja uani baada yangu. Mimi nilikuwa nimeshaangalia na kuona ukungu wangu, nikasimama pembeni na moyo mzito. Akainama, akatulia, akageuka kwangu. Huniita mayu, kama Wasukuma wanavyowaita kina mama.

"Mayu, leo mnachoma nini? Nyota zote zimeingia moshi."

Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Kisha nikakumbuka kwamba macho yake mwenyewe ni mekundu na hutoa machozi tangu nimfahamu, kwa miaka yake ya moshi wa zizini. Shahidi gani huyo? Nikamwita mume wangu.

"Njoo uangalie tena."

"Nimeshaangalia."

"Angalia tena!"

Alikuja kwa sababu alisikia sauti ilivyokuwa. Akainama, akafikicha jicho, akainama tena. "Mbona imekuwa hivi? Saa ile ilikuwa safi kabisa."

Nilipeleka kidole mbele ya darubini, kwenye kile kioo kikubwa kinachotazama angani. Kilirudi kimelowa. Kioo kilikuwa kinatoa jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Nikashika sanduku: limelowa. Stuli: imelowa. Umande ulikuwa umeshuka juu ya kila kitu uani, na kwa wiki zote zile nilikuwa nafika kwenye darubini baada yake, kwa sababu ya ugali.

Kwa furaha nilikamata pindo la kitenge nikafuta kile kioo kama ninavyofuta sahani. Mume wangu akapiga kelele. "Utakikwaruza!" Sikukikwaruza, ila nilikipaka mafuta ya dagaa, na nilipotazama, Kilimia kilikuwa kimegeuka uji.

Usiku huo nilidhani nitalala. Sikulala. Umande ulikuwepo, sawa. Lakini umande kuwepo hakukuyafanya macho yangu kuwa mazima. Mtu anaweza kuwa na malaria na njaa kwa wakati mmoja, na kumpa chakula hakuiondoi malaria.

Basi jioni iliyofuata yenye anga safi, baada ya kioo kusafishwa taratibu kwa pamba na maji yaliyochemshwa, nilitangaza kwamba chakula kitachelewa na mimi ndiye nitakayetazama kwanza. Jirani alishangaa, lakini alinipisha. Nikainama. Ukungu. Si kama ule wa siku zingine, lakini upo, umeizunguka kila nyota.

"Na wewe unaona nini?" nikamuuliza mume wangu. Sauti yangu sikuitambua.

Akatazama. "Kuna ukungu kidogo tu."

Hilo "kidogo tu" lilinitafuna. Kidogo chake na kidogo changu vilikuwa sawa? Ningejuaje? Huwezi kumwazima mtu jicho lako akaangalie kisha akurudishie. Nilipomuuliza darubini ilikuwa uani tangu saa ngapi, akasema kwa fahari tangu jua linazama, maana yule Mzungu, kwa jinsi nilivyomsimulia mwenyewe, alikuwa akiitoa mapema ili kioo kipoe. Kioo kilipoa kweli. Na katika hewa ile nzito ya baada ya mvua, chenye kupoa mapema hulowa mapema.

Nilikuwa nafunika sufuria nilipokumbuka. Darubini ya yule mzee, kule Sitalike, mbele ilikuwa na kitu kirefu cheusi, kama mkono wa sweta uliokatwa. Alikivalisha kila jioni kabla ya kuketi. Mimi sikuwahi kuuliza ni cha nini, na kilibaki kwenye begi lake la mkononi wakati sanduku linabaki na mimi. Nikaenda dirishani nikatazama kamba ya nguo. Khanga niliyoisahau katikati ya ua ilikuwa inaweza kukamuliwa. Taulo lililokuwa chini ya ukingo wa bati lilikuwa kavu. Hewa ni ile ile. Tofauti ni kwamba moja lilikuwa wazi kwa mbingu na lingine lina kitu juu yake. Kwa hiyo kioo changu kilitaka paa, ila paa lenyewe liwe la kuchungulia katikati, yaani bomba.

Mume wangu alileta kipande cha bomba la plastiki kutoka kwenye ujenzi. Kilitosha kwa upana lakini kilikuwa kizito, na darubini ikainamisha kichwa kama muumini anayesinzia katikati ya mahubiri. Tukajaribu boksi la karatasi ngumu. Lilinyonya umande, likalegea, likalala. Ndipo mimi, mtoto wa mrina asali, nilipokumbuka kwamba nimekulia katikati ya mabomba mepesi ambayo hayaharibiki kwa maji. Mzinga wa gome ni nini, kama si bomba?

Nikampigia mdogo wangu aliyebaki Ugalla, ambaye sasa ndiye mwenye mizinga ya baba.

"Nitengenezee mzinga wa gome," nikamwambia, "ila uwe mdogo. Unene wa paja la mtoto, urefu kama mkono hadi kwenye kiwiko. Na usiuzibe, uache wazi pande zote mbili."

"Wazi pande zote? Nyuki watakaaje humo, dada?"

"Hakuna nyuki. Nautaka kwa kazi nyingine."

"Sawa dada. Nimeelewa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetunza siri.

Hakuelewa hata kidogo. Alifika siku nimekwenda sokoni, akiwa na ndoo ya asali na mzinga wangu umefungwa kwenye gunia. Ulikuwa mzinga mzuri mno. Gome limeviringwa na kushonwa kwa kamba za mti, ndani limepitishwa motoni mpaka likawa jeusi. Na kwa kuwa mdogo wangu ni mtu wa adabu, alikuwa ameupaka ndani nta na asali, ya kutosha, kama inavyofanywa kwa kila mzinga ili nyuki wavutike. Vifuniko viwili alikuwa navyo mfukoni, avitoe nitakapokuwa tayari. Alikuwa amejiaminisha kwamba dada yake anaanzisha nyuki mjini na anaona aibu kusema.

Mume wangu alipoona umbo lake hakuwa na subira. Alitoa darubini barazani, akauvalisha, akaukaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akarudi nyuma kuufurahia. Ulikaa sawasawa.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. "Kuna nyuki," akasema.

Mpaka leo sijui nyuki wa Kawajense wanakaa wapi, lakini najua wanasikia harufu. Wakaja wawili, wakaja kumi, kisha hakuna aliyehesabu. Nilipofika getini na vikapu vyangu nilimkuta jirani anatoka mbio, fimbo ameishika juu, magoti yamepona. Mume wangu alikuwa amejifungia ndani na anaongea kupitia dirishani. Mama alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, mikono mapajani, ametulia, maana ameishi na nyuki kuliko na watu. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yake anatabasamu.

"Usiogope dada. Hawa hawahamii. Wanalamba tu."

"Nilikwambia hakuna nyuki!"

"Sasa dada, mimi nimpe mtu mzinga mkavu? Watu watanionaje?"

Nilimwambia jinsi watu watakavyomwona, na sitarudia hapa. Tulisubiri. Jua lilipoinama nyuki waliondoka mmoja mmoja kwenda kwao, wameshiba, na jioni hiyo hatukutazama kitu. Kesho yake nilikaa na mzinga na kisu, nikakwangua nta yote, nikaupitisha tena juu ya jiko la mkaa mpaka kilichobaki kikayeyuka na kuungua, nikaufuta, nikaupitisha tena. Harufu haikuisha. Nyuki walipita mara moja, wakachungulia, wakakata tamaa. Ndani nilibandika kitambaa cheusi kutoka kwenye suruali kuukuu ya mume wangu, ambayo aliniambia alikuwa bado anaivaa. Nikamwambia kweli alikuwa, si tena.

Mvua ilinyesha siku hiyo na kukata kama kawaida. Magharibi ilipoingia nilimpa mume wangu mwiko.

"Leo unapika wewe."

Alinitazama usoni, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba jambo hili lilikuwa kubwa kuliko nyota. Hakuuliza. Alichukua mwiko akaingia jikoni.

Sikutaka kutazama mapema. Nilitaka umande ushuke kwanza, ule wenyewe, nisije nikajidanganya. Nilikaa kwenye stuli na mdogo wangu na jirani, tukazungumza habari za mihogo. Ilipofika saa mbili nilishika sanduku: limelowa. Nilishika mguu wa darubini: maji. Gome lenyewe kwa nje lilikuwa linateleza. Nikapenyeza mkono ndani ya gome taratibu mpaka ncha ya kidole ikagusa ukingo wa kioo.

Pakavu.

Nikainama. Niliweka mikono nyuma kama mtoto shuleni, nisiiguse darubini.

Kilimia kilikuwa mle ndani. Nyota kali, kila moja peke yake, na weusi wa kati yake ni weusi kwelikweli. Hakuna pete. Nikahesabu zile kubwa, kisha nikaanza kuona zile ndogo katikati yake ambazo sikuwahi kujua zipo, nyota juu ya nyota. Nikaweka jicho la kushoto. Hakuna pete. Nikarudi la kulia. Nilirudia mpaka jirani akakohoa.

"Mayu, umeona nini?"

"Hakuna pete!" nikasema. "Hakuna kitu chochote pembeni! Hakuna!" Nikakaa chini kwenye majani mabichi, kitenge kikalowa chote, na nikalia kwa sauti mbele ya mgeni. Sijawahi kuona raha ya kulia kama ile. Wiki zote zile zilinitoka kifuani kwa mkupuo.

Mume wangu alitoka mbio na mwiko mkononi. Nilimweleza yote palepale, yeye na mdogo wangu, wakati jirani akijifanya anaitazama mbingu. Mume wangu alisikiliza, akasema tu, "Wiki zote hizo, mke wangu?" Kisha akarudi ndani kuokoa ugali, lakini alikuwa amechelewa. Ulikuwa na mabuje, madonge ya unga mbichi ya kumfunga mtu koo. Nilikula wote.

Baada ya chakula niliuvua mzinga nikaupeleka barazani, nikamwekea mama mapajani. Aliupapasa mshono, akaupeleka puani, akacheka kidogo. "Huu ameshona kama baba yenu." Kisha akauliza, "Umetazama?"

"Nimetazama, mama."

"Na ile chumvi, umeipata?"

Mama aligeuza uso wake upande wangu.

"Mtu mwenye macho hapapasi chumvi. Nilisikia mkono wako ukitembea kama wangu. Nilitaka kukuuliza, nikaogopa utakachonijibu." Vidole vyake vikazunguka ukingo wa gome. "Miaka yote nakuuliza taa inawakaje. Ulidhani nina shida gani na taa? Mimi taa ya nini?"

Nilishika miguu yake. Kila jioni, tangu alipokuja kukaa nasi, mama alikuwa akinipima macho kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na mimi nilikuwa namjibu taa ni taa. Kadiri nilivyomfokea ndivyo alivyobaki na swali lake mpaka kesho. Nilimweleza habari ya pete, ya umande, ya kutazama mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Sasa kesho uende hospitali. Nyie wote wawili. Darubini si daktari."

Tulikwenda, mimi na mdogo wangu, naye alilalamika njia nzima kwamba mizinga inamsubiri. Daktari wa macho alikuwa binti mdogo mwenye mikono baridi. Alinitia dawa, akanisogezea mashine yake, akaniambia nisipepese. Presha ya macho yangu ilikuwa ya kawaida. Ya mdogo wangu pia. Akasema kwa historia ya mama tusikae tena bila kupima, turudi kila mwaka, na kwamba mimi nahitaji miwani ya kusomea kwa sababu ya umri na si kwa sababu nyingine yoyote. Nilifurahia kuambiwa nimezeeka. Tulipotoka nje mdogo wangu, ambaye hakuwa amesema anaogopa, aliegemea ukuta na kupumua kwa muda mrefu, na sikumtania.

Siku hizi nyumbani mpishi wa zamani hutazama kwanza. Mume wangu huipita darubini na kwenda kusonga, na mabuje yamepungua. Usiku wa unyevu mwingi, gome peke yake likishindwa, nakaanga chumvi kidogo, naitia kwenye soksi na kuizungushia darubini shingoni ipate joto. Mdogo wangu bado anaamini kwamba siku moja nitamwomba vile vifuniko.

Jioni ile tuliyotoka hospitali umeme ulikuwa umekatika, ukarudi giza likiwa limeshaingia. Taa ya barazani ikawaka. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, ameinua uso kidogo.

"Inawaka vipi?"

Niliweka chini nilichokuwa nimeshika. Nikatoka hadi barazani, nikasimama chini ya taa na kuitazama vizuri, kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, kisha kwa yote mawili.

"Inawaka vizuri, mama. Haina pete."

"Haya," akasema. "Niletee maji ninawe."